Kompyuta Haipigi Hodi Kabla ya Kulala

Huku kwetu Roseville theluji imetufungia ndani, na jioni kila mtu nyumbani ameinamia skrini. Basi leo tuzungumzie jambo dogo lililotugharimu.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo hapa Minnesota, alikuwa anatuma video ya kazi yake ya mwisho wa muhula. Mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa 6 usiku. Alianza kuipakia saa 3, akaona inakwenda vizuri, akafunika laptopu ili wadogo zake wasiichezee. Tukala, tukapiga soga. Alipoifunua saa 5 na nusu, akapiga kelele: “Shangazi, ilikuwa imelala!” Video ilikuwa palepale alipoiacha, na ikabidi aanze upya. Saa 6 ikampita, akakatwa alama.

Wengi hudhani laptopu iliyolala inaendelea na kazi kimyakimya. Haiendelei. Ikilala, hutumia umeme kidogo tu wa kushikilia ulivyovifungua, na kwa kawaida kazi nyingine zote husimama, intaneti pamoja nazo. Barua uliyokuwa ukiiandika utaikuta. Lakini faili lililokuwa njiani hukatika, na fomu uliyoijaza nusu mtandaoni huenda ikakutaka uanze mwanzo. Betri nayo ikiisha kabla hujaiamsha, kazi ambayo hukuihifadhi inaweza kupotea.

Mbona haituonyi? Ukitaka kuizima kabisa, Windows hukuambia kuna kazi haijahifadhiwa. Kulala ni tofauti. Zamani, hadi Windows XP, programu iliweza kukataa kompyuta isilale. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu hupewa taarifa tu, na muda wa kama sekunde 2 wa kujiandaa. Ina maana yake: laptopu inayokataa kulala ndani ya begi huchemka na kumaliza betri. Programu bado inaweza kuomba kompyuta isisinzie, ndiyo maana hailali katikati ya filamu. Lakini si programu zote huomba, na ukifunika kifuniko ombi hilo kwa kawaida halisaidii.

Kwa hiyo onyo tujipe wenyewe. Kabla ya kuanza kazi ndefu:

Kwanza, hifadhi kazi yako, kisha chomeka chaja. Laptopu nyingi hulala upesi zaidi zikitumia betri.

Pili, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya umeme na betri, uiambie isilale ikiwa kwenye chaja. Skrini iache izimike, haina neno. Kumbuka kifuniko kina mpangilio wake peke yake, kwa hiyo kiache wazi.

Tatu, mwenye Mac afungue Terminal, aandike caffeinate, neno linalotokana na ile kafeini ya chai na kahawa. Mashine itakaa macho mpaka ulifunge dirisha hilo. Mwenye Windows anaweza kupakua PowerToys ya Microsoft, ambayo ni bure. Ndani yake kuna kifaa kiitwacho Awake.

Nne, usiondoke mpaka uone ujumbe kwamba faili limepokelewa. Hili liwahusu hasa wanaofanyia kazi maktaba ya Roseville pale Hamline Avenue: usisubiri tangazo la kufunga ndipo uanze kupakia. Ukifunika laptopu na kutoka mlangoni, safari ya faili imekwisha.

Kazi ikimalizika, rudisha mipangilio kama ilivyokuwa, betri ipumzike.

Siku hizi kijana wetu akipakia kitu huegemeza karatasi kwenye skrini: “Msifunike, natuma kazi.” Wadogo zake huipita kwa kunyata, kama kuna mtoto mchanga amelala, kumbe ndiye pekee asiyetakiwa kulala.