Jasho Lisiloandikwa Daftarini

Mfanyakazi wa kiwandani anajua thamani ya saa. Huingia kazini kwa saa, hutoka kwa saa, na akizidishiwa kazi hudai malipo ya ziada. Haki hiyo haikudondoka kutoka mbinguni; wafanyakazi waliidai na kuipigania. Leo twauliza juu ya saa za mtu mwingine, asiye na kengele ya kuingia wala ya kutoka: mama mkulima wa Bukoba na Muleba, katika kibanja cha migomba na kahawa. Saa zake zinaandikwa na nani?

Yuko mtaalamu mmoja aliyeziandika. Profesa Anna Tibaijuka alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Kagabiro, Muleba, na wazazi wake walikuwa wakulima wadogo. Alisomea uchumi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden, mjini Uppsala, na tasnifu yake ya mwaka 1984 ilihusu mashamba madogo ya migomba na kahawa ya Mkoa wa Kagera. Yafaa jambo hili litazamwe vema. Msomi aliyefika Ulaya angaliweza kuchagua ngano ya huko au hesabu za mabenki, wala asingalaumiwa. Yeye alichagua mgomba wa kwao.

Hakuwa wa kwanza kuutazama mgomba huo. Serikali ya kikoloni iliutazama kwa jicho la amri, na mwaka 1937 wakulima wa Bukoba waliinuka kuzipinga kanuni za kahawa walizopangiwa bila kuulizwa. Baadaye walikuja wataalamu wenye subira zaidi. Mjerumani K. H. Friedrich aliyachunguza mashamba ya Bukoba, na maandishi yake yakatolewa mwaka 1968 katika kitabu kilichohaririwa na Hans Ruthenberg. Aliuliza kwa nini kilimo kilichokwisha kupanda ngazi juu ya wengine kimesimama pale pale. Swali lilikuwa la haki. Sehemu moja ya jibu ilikuwa imeinama shambani, mtoto mgongoni.

Kila aliyekulia huko anaijua kazi ya kibanja. Mgomba hutoa chakula na kivuli, kahawa hutoa fedha, na maharage hupandwa katikati yake. Lakini ardhi ile haizai kwa mvua peke yake. Yataka samadi, yataka nyasi zilizokatwa katika rweya na kubebwa kichwani hadi nyumbani zitandazwe shinani. Yataka palizi. Kisha yapo mashamba ya mihogo na njugumawe huko huko rweya, na maji, na kuni, na chungu cha jioni. Kwa desturi, kahawa na fedha yake ni mambo ya mwanamume. Sehemu kubwa ya yaliyosalia ni ya mama.

Mwaka 1994 Mama Tibaijuka alitoa utafiti juu ya gharama ya desturi hiyo. Aliuliza kwa hesabu za kitaalamu: kama familia ingegawana kazi pasipo kusema hii ni ya kike na hii ni ya kiume, kungetokea nini? Jibu lake ni kwamba mapato ya fedha taslimu ya familia yangeweza kupanda hadi asilimia 10, tija ya nguvukazi asilimia 15, na tija ya mtaji asilimia 44. Msomaji na azirudie tarakimu hizo polepole. Hapakutajwa trekta wala mkopo wa benki. Kilichotajwa ni mume kujitwisha mzigo wa nyasi.

Tena alirudi Kagabiro penyewe katika miaka ya msiba. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Mwaka 1997 alichapisha uchunguzi wa jinsi ugonjwa huo ulivyoathiri hali za wakulima wa kijiji hicho. Nyumba inapompoteza mtu mzima, hupoteza mikono. Na mikono ya mwingine huondoka shambani ikauguze. Mjane aliyebaki huwa na kazi ya watu wawili, na mara nyingi huanza kuulizwa: shamba hili ni la nani?

Swali hilo lilifika mahakamani. Mama mmoja aliyerithishwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia aliliuza mwaka 1988, na jamaa yake akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, kwa hoja kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke anayo haki sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikatamka usawa huo. Hukumu na sheria ni mambo makubwa, lakini haziendi shambani zenyewe. Lazima zibebwe na watu.

Profesa Tibaijuka alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kati ya mwaka 1993 na 1998, akaenda Umoja wa Mataifa, na kuanzia mwaka 2000 hadi 2010 akaongoza shirika lake la makazi mjini Nairobi. Mwaka 2005 alitumwa Zimbabwe baada ya bomoabomoa. Taarifa yake ilikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, au riziki, au vyote viwili. Kisha akawa Mbunge wa Muleba Kusini na Waziri wa Ardhi. Mwaka 2014 aliondolewa uwaziri katika sakata la akaunti ya Escrow ya Tegeta; mwenyewe alieleza kwamba fedha alizopokea zilikuwa mchango wa shule. Hayo wananchi wameyapima. Sisi twazungumza juu ya daftari la utafiti, kwa kuwa deni lililoandikwa humo halijalipwa.

Wako watakaosema: hiyo ndiyo mila yetu. Twawajibu kwa heshima. Zamani kahawa ya Buhaya ilichemshwa na kutafunwa, na mgeni alikaribishwa kwayo. Ilipogeuka kuwa zao la fedha mila haikuwazuia wanaume kuishika. Mila iliyoweza kuipokea fedha yaweza pia kuupokea mgawanyo wa haki wa jembe. Mchagua jembe si mkulima.

Basi yapo mambo matatu ya kufanya. Kwanza, mikutano ya matawi na ya vijiji izungumze waziwazi juu ya mgawanyo wa kazi. Mnyauko wa migomba ulipogunduliwa Muleba mwaka 2006, dawa yake ilikuwa kazi: kukata ua dume, kutakasa panga, kung'oa mgomba mgonjwa. Ikiwa semina inahudhuriwa na baba na mgomba unang'olewa na mama, elimu imepotea njiani.

Pili, hati za hakimiliki za kimila ziandikwe majina ya mume na mke pamoja, na viongozi waanze kwa mashamba yao wenyewe.

Tatu, utafiti urudi nyumbani. Wataalamu wa Maruku, na vijana wanaosomea uchumi wa kilimo Morogoro, wana wajibu wa kuwasomea wakulima kwa Kiswahili kile walichokihesabu katika mashamba yao. Mkulima aliyepoteza asubuhi nzima akijibu maswali ana haki ya kujua jibu lililopatikana.

Na wewe, ndugu mfanyakazi wa mjini, unayepokea mkungu wa ndizi kutoka nyumbani na kushukuru, kumbuka kwamba ulibebwa na mtu asiyelipwa saa za ziada. Utakapokwenda likizo kijijini usikae barazani kungoja chakula. Kata nyasi, zibebe, uzitandaze. Na daftari la shamba lifunguliwe mbele ya wote, jina la mama likiwamo.