Mgonjwa kwanza, kitambulisho baadaye

Unapofika hospitalini na homa yako, mara nyingi huulizwi kwanza homa imeanza lini. Unaulizwa kitambulisho. Wewe uliyezaliwa na wazazi wenye vitambulisho huoni taabu. Unakitoa mfukoni, jina linaandikwa, unakaa kwenye benchi kusubiri zamu. Lakini huko Kwale, kuanzia Diani na Msambweni hadi Shimoni na Vanga, wameishi watu ambao swali hilo dogo liliwafunga mdomo kwa zaidi ya nusu karne.

Tuwaangalie Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji, wengi kuanzia miaka ya 1930, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wengine walifuata baadaye wakikimbia vita. Walioa huku, wakazaa huku, wakazika huku. Hata hivyo, Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 hawakuhesabiwa kuwa raia. Wapemba, wavuvi hodari wa pwani hii, walikuwa katika hali hiyo hiyo.

Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Rais aliamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na mapema mwaka 2017 walianza kuvipokea, wakiwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walisubiri hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuwa nao ni miongoni mwa makabila ya nchi hii.

Huenda ukauliza, mambo hayo yanahusu nini ukurasa wa afya? Yanahusu sana. Asiye na kitambulisho haajiriwi kwa mkataba, kwa hiyo hana mwajiri wa kumkatia bima. Hawezi kuandikisha laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hata senti za dawa hutumiwa kupitia kwa jirani. Mvuvi hapati leseni, na siku asipokwenda baharini nyumba hulala njaa. Mtoto wake naye hukosa cheti cha kuzaliwa, akawa mgeni katika kijiji alichozaliwa. Mama mwenye hofu ya kuulizwa maswali huona heri ajifungulie nyumbani kwa mkunga wa jadi. Damu ikizidi kutoka usiku, ndipo watu huanza kutafuta gari la kumpeleka Msambweni.

Tangu Oktoba 2024, bima ya taifa ya zamani ilipofungwa na nafasi yake kuchukuliwa na Bima ya Afya ya Jamii, kitambulisho kimezidi kuwa ufunguo wa mlango wa matibabu. Na hapa ndipo penye kasoro. Vitambulisho hutolewa na serikali kuu. Zahanati na hospitali, pamoja na ile ya rufaa ya Msambweni, ziko chini ya serikali ya kaunti tangu mwaka 2013. Ofisi moja ikisema tatizo ni la mwenzake, anayebaki katikati ni mgonjwa. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Kanada, katika jimbo la Manitoba, alizaliwa mwaka 1999 mtoto wa kabila la Wakrii, wenyeji asilia wa nchi hiyo, aliyeitwa Jordan River Anderson. Alikuwa na ugonjwa uliomweka hospitalini tangu kuzaliwa. Madaktari walipokubali atoke, serikali kuu na serikali ya jimbo zilianza kubishana nani alipie matunzo yake nyumbani, kwa sababu tu alikuwa mwenyeji asilia. Ubishi ulichukua zaidi ya miaka miwili. Mwaka 2005 Jordan alifariki hospitalini akiwa na umri wa miaka mitano, bila kulala hata usiku mmoja nyumbani kwa wazazi wake. Mwaka 2007 bunge la Kanada lilikubali kanuni yenye jina lake: serikali inayofikiwa kwanza na mtoto imhudumie, hesabu zifanywe baadaye.

Kanuni hiyo ingetufaa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa haki ya afya kila mtu. Haikusema kila raia. Inasema pia kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Basi na iwe hivyo mlangoni mwa zahanati: mgonjwa atibiwe, kisha karani aandike jina lake na kumwelekeza kwa wanaohusika na vitambulisho.

Wala usidhani, msomaji wa Mombasa au Nairobi, kwamba haya hayakugusi. Mbu wa matende na malaria haulizi kabila. Surua inayoanza kwa mtoto aliyefichwa kliniki haitaishia kwao. Itapanda matatu ije mjini.

Kuna la kufanya leo. Ikiwa unaye mfanyakazi wa nyumbani, jirani au muuza samaki mwenye mtoto mchanga, muulize kama mtoto ameandikishwa. Aliyezaliwa nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, naye hutoa hati ya kuombea cheti cha kuzaliwa. Jambo hilo lifanywe ndani ya miezi sita, kwani baada ya hapo njia huwa ndefu zaidi. Na diwani wako akija kuomba kura, muulize zahanati yake humfanyia nini mgonjwa asiye na kitambulisho. Asikubabaishe kwa habari za barabara. Mngoje ajibu.