Kadi ya sikukuu kwa mteja wa mbali

Mfanyabiashara wa Kwashemshi anayepeleka mahindi au matunda Tanga na Dar es Salaam humkumbuka mnunuzi msimu ukifika tu. Mnunuzi naye humfuata mwenye bei nafuu. Siku hizi salamu za sikukuu ni ujumbe mmoja wa simu, uliotumwa kwa watu mia.

Kadi iliyoandikwa kwa mkono, yenye jina la mteja na shukrani kwa mzigo aliochukua, huwekwa mezani dukani na kuonekana. Aliyeficha matunda mabovu chini ya tenga asipoteze pesa ya stempu. Wengine waangalie dini ya mteja na kalenda: Krismasi haihami, lakini Idi hutangulia takriban siku 11 kila mwaka, na posta inahitaji muda.