Zamu akikatala, tumuulize kwanza

Mu sendika yetu ya watumikaji wa mugodi tuko na ordinatere tatu ku biro. Moja njo mama: inatumika na Fedora, na zile mbili zingine zinasoma fishie zake kwa njia ya Samba. Majuzi tuliomba fishie za wenzetu walioumia ku kazi zitolewe mu dosie ya binafsi ya sekretere, ziingie mu dosie ya wote. Kesho yake delege mumoja anataka kufungua: « Accès refusé ». Na asubui ile muajiri alikuwa anatungojea na makaratasi ya mwenzetu aliyevunjika mukono.

Fundi kijana tuliyemuita alifanya sawa vile wengi wanafanya. Kwanza akapiga chmod 777, ni kusema kila mutu asome, kila mutu aandike. Bado imekatala. Kisha akapiga setenforce 0. Ikafunguka! Akacheka: « Papa, ni hii SELinux njo inasumbua. Tuizime kabisa, tumalize. »

Tulikatala. Mu mugodi wote tunajua kadena. Mufundi anapotengeneza mashini, anafunga kadena yake ku kifungio cha umeme. Ukikuta mashini haitembei, haukate kadena. Unauliza: nani ameiweka, na juu ya nini? Kukata bila kuuliza kunaua mutu.

Ku Fedora kuko zamu wawili. Wa kwanza anaangalia mutu: huyu ana ruhusa ya kusoma? chmod inamuhusu yeye tu. Wa pili, SELinux, anaangalia programu: hii Samba inaruhusiwa kugusa fishie yenye alama hii? Kwa maana kila fishie iko na alama yake. Kwa hiyo 777 haikusaidia kitu, ilituacha uchi tu.

Tukamuomba kijana asome daftari la zamu: ausearch -m AVC -ts recent. Mustari ulikuwa wazi: smbd imekatazwa kusoma fishie yenye alama user_home_t. Njo hiyo! Fishie zilihamishwa kwa amri mv, na mv inahama na alama ya zamani. Zilifika mu nyumba mupya na kitambulisho cha nyumba ya kwanza. Dosie ya wote tulikuwa tumeiandikisha tangu mwanzo kwa alama samba_share_t, basi amri moja ilitosha: restorecon -Rv /srv/wanachama. Tukarudisha setenforce 1, tukarudisha na ruhusa za kwanza. Ikafunguka, zamu akiwa kazini.

Wengine watasema: audit2allow ingeandika ruhusa yenyewe. Ndiyo, lakini ruhusa ile ingefungulia Samba fishie zote zenye alama ile, hata za binafsi za sekretere. Wengine tena: SELinux ilitoka kwa NSA, wapelelezi wa Marekani. Ni kweli. Lakini tangu mwaka 2000 kodi yake iko wazi, na tangu 2003 iko ndani ya Linux yenyewe, watu wa inchi nyingi wanaisoma na kuitengeneza. Kuizima hakutulindi na mupelelezi yeyote.

Lawama yetu ni ingine. « Accès refusé » haisemi ni zamu gani amekatala, wala sababu. Sababu iko, lakini iko mu daftari la Kiingereza linalosomwa na mwenye fungula tu. Mutumikaji akinyimwa likizo, tunadai sababu kwa maandishi. Tudai vile vile kwa wale wanaotuwekea mashini: watufundishe kusoma lile daftari, mbele ya kulipwa.

Na sisi wenyewe, kila biro ya sendika iwe na kayé ku meza: tarehe, programu gani imekatazwa, fishie gani, mustari gani, tumefanya nini. Na mutu asizime SELinux peke yake, hata kwa dakika tano, bila delege wa pili kutia sahihi.

Karatasi za mwenzetu zilifika kwa muajiri na kuchelewa kwa saa mbili. Tulimuomba musamaha. Lakini majina na magonjwa ya wenzetu wote yako mu mashini ile, na wametuachia sisi kuyalinda.