Tozo ya ufundi stadi imrudie mfanyakazi

Kila mwezi, katika viwanda vya Kibaha kama ilivyo katika sehemu nyingine za nchi, karani wa mishahara hupiga hesabu ambayo wafanyakazi wengi hawaijui. Hujumlisha mishahara yote iliyolipwa na mwajiri, hutoa sehemu ya asilimia iliyowekwa na sheria, na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Fedha hizo hazikatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Hulipwa na mwajiri juu ya mshahara huo. Jina lake ni Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi.

Jina hilo lenyewe ni ahadi. Linasema kwamba anayefaidi nguvu za mfanyakazi atachangia kumwongezea maarifa, na kwamba Serikali itazikusanya fedha hizo na kuzirudisha zikiwa ujuzi. Basi ni haki ya kila mwananchi kuuliza kama ahadi hiyo inatimizwa, na hasa kama inamfikia mtu ambaye kwa ajili yake tozo ilibuniwa: yule anayesimama mbele ya mashine.

Wazo la kumfundisha mfanyakazi akiwa kazini si geni katika nchi hii. Mwaka 1973 Serikali ilitoa agizo kwamba mahali pa kazi pawe pia mahali pa elimu, na wafanyakazi watengewe muda wa kusoma. Mwaka 1974 ilitungwa sheria ya mafunzo ya ufundi, na mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Kisha ikaja Sheria ya mwaka 1994 iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na pamoja nayo ikaja tozo inayozungumzwa hapa. Hoja iliyokuwa nyuma ya hatua zote hizo ni moja: taifa haliwezi kununua ujuzi wa watu wake kutoka nje kama linavyonunua vipuri.

KIBAHA NA SOMO LAKE

Kibaha ni mahali panapofaa kupimia jambo hili. Mwaka 1963 ulianza hapo mradi wa pamoja baina ya Tanganyika na nchi za Nordic, uliokusudiwa kupambana na ujinga, maradhi na umaskini kwa wakati mmoja: shule ya sekondari, kituo cha kuwafundisha wakulima na kituo cha afya, vyote katika eneo moja. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Waasisi wake walielewa kwamba shule isiyojali kazi, na kazi isiyojali shule, zote ni pungufu.

Baadaye Kibaha ilipata kiwanda cha TAMCO, kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania. Kiwanda hicho kilikuwa pia darasa. Kijana aliyeingia hapo akijua kushika bisibisi tu alijifunza kusoma michoro, kupima kwa usahihi na kufuata utaratibu wa kazi. Uunganishaji wa malori ulipokoma, taifa halikupoteza jengo wala uwanja. Vyote vilibaki na sasa eneo hilo lina viwanda vingine chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Kilichopotea ni kitu ambacho hakiorodheshwi katika daftari la mali: mkusanyiko wa mikono iliyokwisha kufundishika. Kila fundi alikwenda njia yake, na maarifa yake akaondoka nayo.

Leo Kibaha imeamka tena. Kipo kiwanda cha viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba. Vipo viwanda vya chuma na vya kuunganisha magari. Kule Kwala, katika wilaya hiyo hiyo, bandari kavu ilizinduliwa mwaka 2025 na eneo kubwa la viwanda linajengwa kandokando ya reli ya kisasa, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Kazi hizi hazihitaji wabeba mizigo peke yao. Zinahitaji mafundi wa umeme wa viwandani, wachomeleaji, waendesha mitambo, wapimaji wa ubora na watu wa maabara. Ikiwa watu hao hawatatoka Kibaha na Kisarawe, watatoka kwingine. Na mwana wa Pwani atabaki mlangoni akisubiri kuitwa kupakua gari.

HESABU NI YA WAZI

Inafaa hesabu ya tozo ieleweke, maana mara nyingi jambo la fedha huachiwa wahasibu mpaka likamwumiza asiyekuwa mhasibu. Kwa miaka kadhaa kiwango kilikuwa asilimia 6 ya mishahara. Mwaka 2013 kilishushwa kuwa asilimia 5, mwaka 2016 kikawa asilimia 4.5, na kufikia mwaka 2023 kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 3.5. Mwaka 2021, sharti la kulipa liliondolewa kwa waajiri wenye wafanyakazi chini ya 10, ambapo awali lilianzia kwa wenye wanne.

Tuchukue mfano wa kiwanda chenye wafanyakazi 200, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mishahara yote ni shilingi 60,000,000. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, kiwanda hicho hupeleka shilingi 2,100,000 kila mwezi, yaani shilingi 25,200,000 kwa mwaka. Ada ya mwanafunzi wa bweni katika vyuo vya VETA kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, tozo ya kiwanda kimoja cha wastani ingelipa ada ya wanafunzi 210, yaani zaidi ya idadi ya wafanyakazi wake wote. Ni kweli kwamba ada si gharama yote ya kumfundisha mtu, na kwamba sehemu kubwa hubebwa na Serikali. Hata hivyo hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba kinachozungumzwa si senti za kurusha.

Zimekwenda wapi fedha hizo? Kwa miaka mingi theluthi moja ndiyo iliyoelekezwa VETA, na theluthi mbili zikaelekezwa katika mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Baadaye sehemu imesaidia pia programu ya kukuza ujuzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo imewalipia vijana mafunzo ya uanagenzi na kuwapima mafundi waliojifunzia kazini ili wapate vyeti.

Hakuna mwenye akili timamu atakayepinga mikopo ya wanafunzi. Walimu na watumishi wengi wa Serikali walisoma kwa msaada wa umma, na watoto wao wanasoma hivyo hivyo. Lakini haki haidai kwamba kila jambo jema lilipwe kutoka katika kila mfuko. Chuo Kikuu ni mzigo wa taifa zima, na wastahili kubebwa na kodi za taifa zima. Tozo iliyokusanywa kwa jina la ufundi stadi, kutokana na jasho la kiwandani, yapaswa kwanza kumkumba mtu wa kiwandani. Kuchukua cha fundi kwenda kumsomesha atakayekuwa mkubwa wake, huku fundi mwenyewe akibaki alipokuwa, ni kujenga ghorofa kwa matofali yaliyong'olewa katika msingi.

KISARAWE NAYO JE?

Ukitoka Kibaha kuelekea kusini unaingia wilaya jirani ya Kisarawe, na huko swali linachukua sura nyingine. Kisarawe inapakana na Dar es Salaam, na reli ya TAZARA inapita ndani yake. Ina jina katika historia ya elimu, kwani shule ya Minaki, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana zama za ukoloni, ilitoa walimu na makarani waliotumika nchi nzima. Lakini viwanda vikubwa vinavyolipa tozo ni vichache huko. Fundi wa Kisarawe ni seremala mwenye wasaidizi watatu, ni mwashi anayefuata nyumba zinazojengwa, ni fundi pikipiki chini ya mwembe.

Kuondolewa tozo kwa waajiri wadogo mwaka 2021 kulikuwa jambo la busara, kwa kuwa mzigo ulikuwa mkubwa kwao. Lakini asiyelipa akiisha kusamehewa, asisahauliwe pia. Seremala huyo ndiye mwalimu wa ufundi aliye karibu zaidi na kijana aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne. Anamfundisha bila mtaala, bila posho na bila cheti. Kijana anapokwenda Kibaha kuomba kazi kiwandani, miaka yake minne ya kushika randa haihesabiwi, kwa sababu hana karatasi.

Ndiyo maana mpango wa kurasimisha ujuzi ni mojawapo ya matumizi bora kabisa ya fedha za umma. Fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya kwa mikono yake, huelekezwa pale alipopungua, kisha hupewa cheti kinachotambuliwa. Ujuzi hauzeeki, walisema wahenga. Lakini ujuzi usiotambuliwa hudhulumiwa. Mpango huu usingoje wageni wa heshima na siku ya maadhimisho. Uwe kazi ya kawaida ya kila mwaka katika kila wilaya, Maneromango na Mzenga zikifikiwa kama mji wa Kisarawe unavyofikiwa.

NJIA YA KUFUATA

Waajiri nao wana hoja yao, na yafaa isikilizwe. Wanasema kwamba mwajiri akimfundisha kijana, jirani humngoja aive kisha humvuta kwa nyongeza ndogo ya mshahara. Kwa hiyo kila mmoja huogopa kupanda, akitarajia kuvuna katika shamba la mwenziwe. Hofu hiyo ina ukweli. Na dawa yake ni ruzuku ya umma. Ikiwa gharama ya mafunzo inarudishwa kutoka katika mfuko ambao wote wamechangia, hakuna anayepunjika fundi akihama, kwa kuwa amehama na ujuzi uliolipwa na wote.

Majirani wametangulia. Kenya humtoza mwajiri shilingi 50 za nchi hiyo kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mwajiri aliyewafundisha watu wake kwa utaratibu ulioidhinishwa anaweza kudai kurudishiwa gharama. Afrika Kusini ilianza mwaka 2000 kutoza asilimia 0.5 ya mishahara, ikapandisha kiwango hicho mwaka 2001 kuwa asilimia 1, na mwajiri anayewasilisha mpango wa mafunzo na taarifa ya utekelezaji hurudishiwa sehemu. Utaratibu wa namna hiyo hauna budi kulindwa na hatari moja: makampuni makubwa yenye makarani wengi hujua kujaza fomu, na madogo hushindwa. Kwa hiyo fomu iwe fupi, kwa Kiswahili, na ipokelewe wilayani.

Iko hatari nyingine ambayo watumishi wa Serikali wanaijua vizuri kuliko watu wengine. Ni semina. Fedha za mafunzo zikiachwa bila ulinzi hugeuka ukumbi, chai, makabrasha na posho ya kujikimu, na mwisho wake ni cheti cha kuhudhuria. Kuhudhuria si kujua. Ruzuku itolewe baada ya mfanyakazi kupimwa kwa vitendo na mpimaji wa VETA asiyekuwa mtu wa kiwanda wala wa chuo kilichomfundisha. Aliyefundishwa kuchomelea achomelee. Aliyefundishwa umeme afunge umeme.

Juu ya yote hayo, hesabu itangazwe. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila mwaka wananchi wa Kibaha waambiwe ni kiasi gani cha tozo kilikusanywa katika wilaya yao, na ni wafanyakazi wangapi walipanda daraja la ufundi kwa fedha hizo. Takwimu hizo zisomwe katika Baraza la Madiwani na zibandikwe katika ubao wa matangazo wa kila kiwanda. Mfanyakazi akijua kwamba mfuko huo upo, atauliza zamu yake ya kusoma. Na mwajiri akijua kwamba ataulizwa, hatamficha.

Walimu nao wana sehemu yao. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Mkondo huo hautafaulu kwa ubao na chaki. Shule ya Kibaha au ya Kisarawe inahitaji karakana, na pasipo na karakana inahitaji mlango wa kiwanda cha jirani uwe wazi. Mwalimu wa amali apelekwe kiwandani wakati wa likizo kwa fedha za mfuko huo huo, ili anachofundisha kiwe kile kinachofanyika sasa, wala si kile alichokikuta chuoni miaka 20 iliyopita.

Chuo cha VETA Pwani kiko Kibaha. Viwanda viko Kibaha. Vijana wako Kibaha na Kisarawe. Tozo inalipwa kila mwezi. Vitu vyote vinavyohitajika vimekwisha kuwapo, na kilichobaki ni kuviunganisha kwa utaratibu wa haki. Serikali iliyothubutu kupunguza kiwango cha tozo ili kumwondolea mwajiri mzigo, ithubutu sasa kuhakikisha kwamba kila shilingi iliyobaki inafika mahali jina lake linapoielekeza. Mfanyakazi hadai zawadi. Anadai nafasi ya kujifunza kazi anayoifanya, kwa fedha zilizokusanywa kwa jina lake.