Sinema bubu ziwape sauti wanafunzi wa Garissa

Ukimwambia mwalimu wa leo kwamba sinema za kale zisizo na sauti zingali na faida darasani, huenda akacheka. Atakwambia kwamba picha zenyewe hazina rangi, waigizaji wanarusha mikono kama watu wanaofukuza nyuki, na visa vyake ni vya machozi kupita kiasi. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, sijui mahali zinakofaa zaidi kuliko katika shule za Garissa, Wajir na Mandera.

Mtoto wa Kaskazini Mashariki aghalabu huanza kusema kwa Kisomali, au kwa Kiborana. Duksini hukutana na Kiarabu. Akiingia shuleni hupokewa na Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja. Lugha hizo huzisoma na kuziandika, na mtihani hufanya, lakini kinywa chake huzoea kunyamaza. Isitoshe, mauaji ya abiria wa basi huko Mandera mnamo Novemba 2014, ambao baadhi yao walikuwa walimu, na ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, yaliwafanya walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi kuondoka. Walipoondoka, mtoto alipoteza pia watu ambao angezungumza nao Kiswahili kila siku.

Sinema ya siku hizi haimsaidii mtoto huyo kusema. Huja na maneno yake tayari, naye hana kazi ila kusikiliza. Sinema bubu humngoja mtu wa kuisemea. Huko Japani walikuwako wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia wakieleza kisa na kuiga sauti za wahusika. Hapa Kenya tunaye DJ Afro, ambaye husimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani, na wanafunzi wanamjua vyema. Kazi hiyo basi si ngeni kwetu.

Wala historia yake si ngeni. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Waingereza wa sinema za mafunzo, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani. Picha zilipigwa bila sauti, na maelezo yakatiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha za wenyeji. Lugha ilikuwa yetu, lakini maneno yalikuwa ya mtawala, aliyekwisha kuamua Mwafrika aambiwe nini. Funzo ni kwamba picha isiyo na sauti humtii yule aliyeshika kipaza sauti. Wakati ule alikuwa mtawala. Leo na awe mwanafunzi.

Nawapendekezea walimu waanze na A Corner in Wheat, aliyoitengeneza Mmarekani D. W. Griffith mwaka wa 1909. Ni ya takriban dakika 14 tu. Mlanguzi mmoja anaitia mkononi ngano yote ya sokoni. Bei ya mkate inapanda maradufu, na maskini wanapiga foleni na kurudi mikono mitupu, huku tajiri na wageni wake wakisherehekea. Mwishowe mlanguzi anatumbukia katika ghala lake mwenyewe, na ngano inamfukia. Mtoto aliyeona mifugo ya wazazi wake ikifa katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, na akamsikia mama yake akilalamikia bei ya unga, hahitaji kufafanuliwa maana ya picha hiyo. Anahitaji nafasi ya kuifafanua yeye.

Wapo watakaosema kwamba melodrama ni sanaa duni, kwa kuwa mwema wake ni mwema mno na mbaya wake ni mbaya mno. Mimi naona hiyo ndiyo faida yake kwa anayejifunza kujenga hoja, maana mgongano uko wazi. Katika Way Down East ya 1920, yake Griffith huyo huyo, binti maskini aitwaye Anna anadanganywa na bwana tajiri kwa ndoa ya uongo. Mtoto wake mchanga anafariki. Siri inapofichuka, mwenye nyumba anamoishi na kufanya kazi anamwonyesha mlango katikati ya dhoruba ya theluji. Kabla ya kutoka, Anna anamnyoshea kidole yule tajiri, aliyeketi mezani kama mgeni wa heshima, na kumtaja mbele ya wote. Baadaye anazimia juu ya kipande cha barafu kinachochukuliwa na mto. Mtoto wa Garissa hajaona mto wa barafu, lakini ameuona Tana ukifurika na kumeza njia. Na suala la heshima ya binti na hila ya mwanamume analijua barabara. Je, Anna alisema nini pale mezani? Mwalimu ayafunike maandishi ya Kiingereza, kisha awaachie wasichana na wavulana wajibu kwa Kiswahili.

Hata hivyo, uteuzi uwe wa makini. The Sheik ya 1921, iliyomvumisha Rudolph Valentino, inamchora mkuu wa jangwani kama mtekaji wa mwanamke wa Kiingereza. Kisa kinapoelekea kwenye mapenzi, tunaambiwa kwamba baba yake alikuwa Mwingereza na mama yake Mhispania. Moyo mwema haukuruhusiwa kuwa wa Mwarabu. Hiyo siipendekezi kwa watoto, bali kwa wanafunzi wa chuo kikuu, kwani watu wa nchi kame wangali wanachorwa na wengine.

Gharama si kisingizio. Sinema za Marekani zilizotolewa kabla ya 1929 hazina tena hakimiliki nchini humo, na kompyuta moja na ukuta mweupe vinatosha. Wanafunzi watazame kwanza kimya, wagawane wahusika, wasimulie kwa zamu, kisha waandike mazungumzo hayo kama insha. Mwalimu asahihishe lugha baadaye, wala asimkatize msemaji.

Jamii za eneo hili zimelea watunzi wa gabay ambao mashairi yao yaliweza kuchochea vita au kuleta suluhu. Watoto wao si mabubu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na ni wajibu wa shule kuufanya mshindo huo usikike kwa Kiswahili fasaha.