Jalada Limehamia Kwenye Simu, na Simu ni ya Nani?



Mto Tana unapofurika, watu wa Garsen na vijiji vya kandokando huhama na watoto, na chakula kilichosalia, na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani ya mfuko huo mna vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi za kliniki na pengine karatasi ya mauziano ya ng'ombe. Mara nyingi anayeubeba ni mama. Mafuriko ya mwaka 1997, ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya masika ya 2024 yalichukua mifuko mingi, na iliyosalimika majini haikusalimika na mchwa.

Na karatasi zilizomo maofisini hali yake si bora sana. Sote tunaijua masijala ya zamani: majalada yamefungwa kamba na kurundikwa hadi darini, na mwenye kujua lipi liko wapi ni karani mmoja, ambaye siku akistaafu hustaafu na elimu yake. Ukifika huambiwa, "Jalada halionekani, rudi wiki ijayo." Wala si kila jalada lisiloonekana limepotea, mengine huonekana upesi mkono ukipakwa mafuta. Watu wa kaunti zetu wana uchungu zaidi katika jambo hili, kwani kwa miaka mingi kijana wa Kiislamu aliyeomba kitambulisho alipitishwa mbele ya kamati ya uchunguzi na kudaiwa karatasi za babu yake, mpaka Rais alipotoa agizo la kuuondoa utaratibu huo mwezi Februari 2025.

Kwa hiyo sitaki mtu anihesabu miongoni mwa wanaoililia karatasi. Serikali imekwisha kuiacha, na sisi tumo ndani ya safari hiyo tutake tusitake. Huduma za eCitizen zilianza mwaka 2014, na mwaka 2023 zikatangazwa kupita elfu tano. Masijala ya ardhi ya Nairobi iliingizwa katika mfumo wa Ardhisasa mwezi Aprili 2021. Mahakama ilianza kupokea kesi kwa njia ya kielektroniki jijini Nairobi mwezi Julai 2020, na mwezi Machi 2024 ikaueneza utaratibu huo nchi nzima. Bima mpya ya afya iliyoanza Oktoba 2024 usajili wake umepitia simuni. Serikali ya kaunti yetu, iliyozaliwa mwaka 2013 na makao yake yakawa Hola, haitaweza kubaki na kamba na majalada peke yake. Nami nasema ni heri, kwani mjane wa Garsen hana sababu ya kulala njiani kwa ajili ya karatasi moja iliyoko Hola.

Lakini kuhamisha majalada si sawa na kuhamisha magunia ya mchele. Kinachohamishwa ni majina ya watu na haki zao, na hapo ndipo ninapowaomba kina mama wanitegee sikio.

Tuanze na jina. Dada yetu alizaliwa akaitwa Fatuma. Kitambulisho kimeandika Fatma, cheti cha ndoa kimeandika Fatima, na katika kadi ya kliniki ni Mama Saidi. Sheria yetu humwacha mwanamke na jina la babake hata akiolewa, lakini makarani wengine humtia jina la mumewe bila ya kumwuliza, basi huwa na jina la tatu ambalo hakulichagua. Zama za karatasi, karani aliyemjua alitazama uso wake akasema, "Ndiye huyuhuyu." Kompyuta haina ujirani. Kwake yeye Fatuma na Fatma ni wanawake wawili, na Fatima ni wa tatu.

Herufi hiyo moja si jambo dogo. Mume akifariki, mjane ana fungu lake lililokatwa na Mwenyezi Mungu: thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, robo ikiwa hakuacha. Hakuna kadhi awezaye kulipunguza. Lakini mbele ya Kadhi yatakiwa ithibitike kwanza kwamba yeye ndiye aliyeolewa na marehemu, na kwamba marehemu wa cheti cha kifo ndiye mume wa cheti cha ndoa. Huja kwangu wajane ambao haki yao haina mpinzani hata mmoja, na bado huzunguka kutafuta hati za kiapo kwa sababu ya herufi. Sasa ikiwa vijana wataajiriwa kwa muda, wapewe rundo la majalada na kuambiwa wayaingize yote kabla ya mwisho wa mwezi, makosa hayo yatapigwa muhuri mpya na kuitwa kumbukumbu rasmi.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya deni iliyomo katika Suratul Baqara, nayo yafundisha uandishi. Mafunzo yake kwa ufupi ni kuwa mwandishi aandike kwa uadilifu, na yule ambaye haki iko juu yake ndiye atamke yaandikwayo. Akiwa hawezi, msimamizi wake atamke kwa niaba yake kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Tazameni basi yanayotendeka saiba. Mama husimama nyuma ya kiti, kijana huchapa kwa Kiingereza, hubonyeza, hupokea pesa zake na kusema, "Tayari." Mama hakutamka wala hakusomewa. Ningependa kaunti ifanye sharti kwamba maelezo ya kila mtu yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa lugha anayoifahamu, Kipokomo au Kiorma, kabla ya kutiwa katika mfumo. Na aliyekwisha kuandikwa vibaya asinyamaze. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, humpa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomdhuru zirekebishwe au zifutwe.

Jambo la pili ni simu. Mifumo hii yote hufunguliwa kwa namba ya simu na neno la siri. Namba ya uthibitisho ikitumwa, hutumwa kwenye simu hiyo, na anayeishika ndiye anayeingia. Nyumba nyingi zina simu moja iliyo mfukoni mwa baba. Wakiishi kwa wema hakuna dhara. Wakitalikiana, mke huondoka na nguo zake, na vyeti vya watoto, usajili wa bima na maombi ya basari hubaki mfukoni mwa mwanamume ambaye pengine hata hapokei simu yake. Kuna mwanamke hapa Garsen aliyekuwa ndani ya eda, akalazimika kumtuma kakake kwa mtaliki wake kuomba tarakimu sita. Mwingine akaunti yake ilifunguliwa kwa anwani ya kijana wa saiba, kijana akahamia Malindi.

Enyi waume, kumsajilia mkeo laini kwa kitambulisho chake mwenyewe si kumfungulia mlango wa fitina. Ni kumpa ufunguo wa sanduku lake. Nanyi mabinti mliosoma, wafundisheni mama zenu namba ya siri kwa subira mliyofundishwa nayo alifu na be. Siri hiyo asipewe kijana wa saiba, kwani karatasi hizo zina maradhi ya watu na talaka zao, na sitara ni haki ya Mwislamu.

Lipo na la ardhi, nalo lina moto zaidi, kwani sisi tunajua mwaka 2012 damu ilimwagika katika Delta kwa sababu gani. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni ya jamii, na ambayo haijasajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yataka jamii inapojisajili iwe na daftari la wanachama wake, na mke aliyeolewa katika jamii huwa mwanachama kwa ndoa yake. Lakini daftari likiandikwa kwa majina ya wakuu wa nyumba tu, kisha likaingizwa katika kompyuta, mjane atatafutwa humo asionekane. Sayyidna Umar, radhi za Allah zimshukie, alipoweka diwani ya kwanza ya Waislamu, wake za Mtume waliandikwa humo kila mmoja kwa jina lake na fungu lake. Walikuwa wajane.

Kwa wakubwa wetu wa Hola nina maombi machache. Wekeni meza ya huduma hapa Garsen yenye mtu wa kuzungumza naye, wala si bango lenye anwani ya tovuti. Karatasi za asili zisichomwe baada ya kupigwa picha, mpaka wenyewe wahakikishe yaliyonakiliwa. Na nakala ya pili ihifadhiwe mbali na bonde hili, kwa kuwa mashine nayo ikiingiwa na maji hufa.

Kina mama nao wiki hii waufungue ule mfuko wa plastiki, waziweke karatasi zote juu ya mkeka, na mwanafunzi wa nyumbani asome jina moja baada ya jingine, herufi kwa herufi. Palipotofautiana, pigeni alama kwa penseli mwende nayo kwa chifu au kwa Kadhi mapema, wakati waume na mashahidi wa ndoa zenu wangali hai.

Wabillahi tawfiq.